Msalaba wa Shaba Mnadani

Sisi tulio karibu na Mutoshi, mgodi wa Kolwezi ulioitwa zamani Ruwe, tunaijua shaba. Kabla Wazungu hawajafika, mafundi wa Katanga waliyeyusha mawe ya kijani, wakamimina shaba katika kalibu, wakapata misalaba. Haikuwa misalaba ya Kikristo; ilikuwa mali na fedha. Mwaka 1957 wataalamu walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakaikuta pamoja na wafu.

Siku hizi misalaba hiyo hunadiwa Ulaya. Wauzaji huisifu kuwa ya kale na adimu. Lakini wakusanyaji wenye busara hawashangilii upesi. Huuliza kwanza: Ilichimbwa wapi? Nani aliitoa? Maana kalibu mpya huzaa msalaba “wa kale” kwa siku moja. Hata sarafu ya dhahabu ya Katanga ya 1961, yenye picha ya msalaba huo, ilitolewa 20,000.

Basi, ndugu wasomaji, mkiuokota shambani, msikimbilie mchuuzi. Andikeni kwanza mahali ulipolala. Bei itapanda na kushuka. Habari za wazee wetu zikipotea, hakuna mnada utakaozirudisha.