Ufundi wa Umeme wa Magari Mpakani Holili

Msafiri atokaye Moshi kwenda mashariki, akisha kuipita Himo na kuiacha mkono wa kushoto njia ipandayo Marangu, huiona nchi ikibadilika hatua kwa hatua: migomba na mikahawa hurudi nyuma kuelekea mlimani, miiba na majani makavu ya nyika husogea mbele, na kabla hajafika Taveta, ambayo ni mji wa Kenya, hupokewa na Holili, mji wa mpakani katika wilaya ya Rombo, ambako kila gari lipitalo halina budi kusimama. Kusimama huko kwa magari ndiko kulikozaa riziki ya watu wengi wa mahali hapa, wauza vyakula, wabadilisha fedha, mawakala wa forodha na makuli, na pamoja nao mafundi wa umeme wa magari, ambao tarikh yao haijapata mwandishi, ingawa mizizi ya amali yao inashuka hadi katika vita vya mwaka 1914.

Mpaka wenyewe ulichorwa na wageni. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walipogawana nchi, mlima Kilimanjaro uliangukia upande wa Wadachi na Taveta ikabaki upande wa Waingereza. Vita vilipozuka Agosti 1914, Wadachi waliuvuka mpaka huo na kuitwaa Taveta, wakaishika hata Machi 1916, waliposhindwa katika mapigano ya vilima vya Latema na Reata, mwezi mmoja tu baada ya wao kuyarudisha nyuma majeshi ya Waingereza katika kilima cha Salaita. Waingereza walikuja kutoka Voi wakitandika reli katika nyika isiyo na maji, wakapita Maktau na Taveta, hatimaye wakaiunganisha na reli ya Tanga iliyokwisha kufika Moshi tangu mwaka 1911. Na pamoja na garimoshi walikuja na magari ya mafuta, yakiwamo ya Ford, ambayo mbele ya dereva yalikuwa na kisanduku cha mbao chenye koili nne. Kila koili ilikuwa na kibati kilichovutwa na sumaku na kuachwa, kikavutwa tena na kuachwa tena, kikifunga na kufungua njia ya umeme kwa mlio kama wa nyuki. Mwenye kukifahamu kibati hicho amekwisha fahamu nusu ya rilei, kwa kuwa rilei nayo ni sumaku ya umeme inayovuta kibati ili kufunga njia. Tofauti ni kwamba ya Ford ilitetemeka bila kukoma na hii hutulia inapovutwa.

Baada ya vita magari yaliongezeka kwa ajili ya mazao. Upande wa Taveta kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, na upande wa mlimani Wachaga walikuwa wakipanda kahawa kwa bidii, hata wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake wa kwanza, na kutoka katika chama hicho ukazaliwa ushirika wa KNCU mwaka 1933. Kahawa ilishuka kutoka vijijini kwa vichwa vya wanawake, kwa punda na kwa malori, na penye lori hapakosi gereji. Katika Moshi, kama katika miji mingi ya Afrika Mashariki, gereji zilikuwa aghalabu mikononi mwa Wahindi, na hasa makalasinga, watu waliosifika kwa ustadi wa chuma na injini. Na vijana wetu waliingia humo kama maspanaboi, kazi yao kufagia, kusukuma gari, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kumpa fundi spana aliyoitaja. Hakuna aliyewakalisha darasani. Elimu waliipata kwa jicho, na elimu ya umeme ilikuwa ngumu kuliko zote kuipata kwa njia hiyo, kwa sababu umeme hauonekani, na mwalimu asiyependa kuulizwa angeweza kuficha siri yake mchana kweupe, mbele ya mwanafunzi aliyesimama karibu naye.

Illa kulikuwa na kitabu kimoja ambacho hakuna bwana wa gereji aliyeweza kukificha, nacho ni rangi za waya. Magari ya Kiingereza ya zama hizo, Land Rover pikapu ikiwamo tangu ilipotoka mwaka 1948, yalifungwa umeme wa kampuni ya Lucas, na rangi za Lucas zilifuata kanuni: waya wa kahawia ulibeba moto, ndio umeme kwa lugha ya mafundi, utokao katika betri moja kwa moja, mweupe ulibeba moto uliokwisha pita katika swichi ya funguo, wa kijani ulikuwa umepita swichi na kisha fyuzi, wa buluu ulikwenda katika taa kubwa, mwekundu katika taa ndogo, na mweusi ulirudi katika bodi. Spanaboi mwenye akili aliyejua rangi sita hizi aliweza kulisoma gari lolote la Kiingereza kutoka Mombasa hata Arusha, hata kama hakujua kusoma barua. Ninaona hii kuwa ndiyo alifabeti ya kwanza ya ufundi huu katika nchi yetu, na inastahili kukumbukwa kwa heshima ileile tunayoipa alifabeti ya shuleni.

Magari hayo yalikuwa na jambo jingine lililowatesa watu baadaye: mengi yalifungwa chanya ya betri katika bodi, kinyume cha desturi ya leo, mpaka miaka ya 1960 Waingereza walipogeuza na kuweka hasi. Dainamo nayo ilitunzwa na kisanduku chenye sumaku mbili, moja ya kuzuia betri isijimwage katika dainamo injini inapolala, na moja ya kupima kiasi cha umeme. Zote mbili zilikuwa ni rilei kwa tabia, na fundi aliyejua kuzirekebisha platini zake, yaani ncha za kugusana, kwa bisibisi nyembamba, akisikiliza mlio na kutazama taa nyekundu ya dashibodi ikizimika, alitafutwa na wenye magari kutoka mbali. Altaneta ilipoingia badala ya dainamo, mtu aliyefunga betri kinyume alizichoma daiodi zake mara moja, na somo hilo lilikuwa na gharama.

Kisha likaja jambo lililoufanya ufundi wa Holili uwe wa namna yake. Tarehe 4 Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakata roho, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka tarehe 17 Novemba 1983, baada ya marais wa nchi tatu za Jumuiya kukutana Arusha na kupatana juu ya mali zake. Kwa muda wa miaka sita na ushei, maduka ya vipuri ya Nairobi na Mombasa, ambayo yalikuwa karibu na Holili kuliko maduka ya Dar es Salaam, yakawa kama ya nchi ya ng'ambo. Vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 vilimaliza fedha za kigeni, na fyuzi au rilei mpya ikawa kitu cha kuombewa dua. Magendo yalipita katika njia za panya, kahawa ikienda na sabuni ikirudi, na bila shaka vipuri navyo vilirudi mfukoni mwa watu. Walakini pikapu ya mkulima wa Mwika au ya shule ya misheni haikuweza kusubiri bahati ya magendo.

Hapo ndipo fundi alipolazimika kuifungua rilei. Rilei imetengenezwa isifunguliwe: ni kisanduku kidogo, cha bati au cha plastiki, kilichobanwa pande zote. Fundi alikinyanyua kifuniko kwa ncha ya kisu, akazungukia pembe zake taratibu asije akakivunja, na ndani akakuta koili ya waya wa shaba mwembamba, kibati chenye springi, na platini mbili za kugusana kibati kinapovutwa. Mara nyingi koili ilikuwa nzima, na ubaya ulikuwa katika platini zilizoungua zikawa nyeusi na kuota vinundu, hata kibati kikivutwa moto haupiti. Alizisugua kwa msasa laini mpaka zikang'aa, akazifuta kwa kitambaa chenye petroli, akakunja springi kidogo ili mgusano uwe imara, akarudisha kifuniko na kukifunga kwa tepu. Koili ikiwa imekatika kwa ndani, wapo waliothubutu kuufungua waya wote, kutafuta ulipokatika, kuulehemu na kuuzungusha tena. Saa nzima ya kazi, pengine asubuhi nzima, kwa kitu ambacho leo hununuliwa na kutupwa.

Si kila walilolifanya lilikuwa jema. Fyuzi ilipokosekana waliweka waya mzima wa shaba, au karatasi ya fedha itokayo katika pakiti ya sigara, na hiyo ni khiyana juu ya gari, kwa maana fyuzi imewekwa ife yenyewe ili waya zisife, na ikikataa kufa huungua gari. Walakini dhiki ile ilizaa adabu ya kazi ambayo sijaiona ikitajwa katika vitabu vya vyuo: kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kubadilisha, fundi hakuwa na ruhusa ya kubahatisha, na ilimbidi aufuate moto kutoka betri mpaka taa, kiungo kwa kiungo, hata apajue mahali hasa ulipokwama.

Adabu hiyo ilipata mtihani wake mwaka 1984, serikali ilipowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa walikozipata, na zaidi baada ya mwaka 1985, Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani na wananchi wakamwita Mzee Ruksa. Pikapu za Kijapani, Toyota, Datsun na Isuzu, zilimiminika. Nyingi zilikuwa zimekwisha tumika, na kwa kuwa Japani nako huendesha kushoto kama sisi, hazikuhitaji kugeuzwa usukani. Fundi aliyeizoea Lucas alifungua boneti akakuta lugha ngeni. Waya mweupe wenye mstari mweusi, ambao yeye angeudhania kuwa wa moto, katika Toyota ndio unaorudi katika bodi. Baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani kwenyewe zilikuwa za volti 24, na balbu ya volti 12 iliyowekwa humo haikudumu hata kufika Himo.

Lililowachanganya zaidi ni taa kubwa za Hilux. Katika gari la Kiingereza swichi hukaa upande wa moto: ukichagua taa ya juu, moto hupelekwa katika waya wa taa ya juu, na taa ya chini hubaki bila kitu. Katika Toyota za wakati ule rilei hupeleka moto katika balbu yote, na swichi ya usukani huchagua kwa kuifungulia waya mmoja njia ya kwenda katika bodi. Basi fundi aliyechomeka taa yake ya kupimia katika waya za balbu aliona moto hata katika mguu wa taa isiyochaguliwa, akaapa kwamba waya zimeshoti, akakata na kuunganisha upya kitu kizima kilichokuwa hakina ubaya. Pikapu ngapi ziliharibiwa waya zake kwa kosa hilo la ufahamu, hakuna awezaye kuzihesabu.

Mwenye adabu ya miaka ya kufungwa mpaka hakuharibu. Huletewa Hilux iliyoshuka na ndizi, taa kubwa zimekufa zote mbili. Kwanza huweka kidole juu ya rilei na kumwambia mwanafunzi, "Washa, mwanangu"; akihisi mdundo mdogo chini ya kidole, hujua kwamba miguu ya rilei yenye namba 85 na 86, iliyo ya koili, imepata haki yake, na kwamba swichi ya taa haina kosa. Hupima mguu wa 30, ambao hupokea moto mkubwa wa betri, kisha wa 87, ambao huutoa. Ukiwapo katika 30 na kukosekana katika 87, platini ndizo zilizoungua. Ukiwapo kotekote huzifuata fyuzi mbili, ya kulia na ya kushoto, kisha balbu. Moto umefika katika balbu na taa haiwaki: basi njia ya kurudi ndiyo iliyokatika. Huchukua kipande cha waya, akakigusisha kati ya mguu wa taa ya chini na chuma cha bodi, na taa ikiwaka huwa ameupata ugonjwa bila ya kukata hata waya mmoja, nao aghalabu ni platini za ndani ya swichi ya usukani, zilizobeba umeme wa taa zote kwa miaka mingi hata zikaungua.

Hesabu yenyewe yaeleza sababu ya kuungua huko. Balbu mbili za wati 60 katika volti 12 hunywa ampea 10, ilhali koili ya rilei hutosheka na chini ya robo ya ampea moja. Ndiyo maana kazi kubwa hufaa kuachiwa rilei, na swichi ndogo kupewa kazi ya kuamuru tu. Mwenye pikapu anapoongeza taa za ukungu, redio ya nguvu na honi ya basi, akazichomeka zote katika waya wa swichi bila rilei wala fyuzi, hununua moto wa kuteketeza gari lake kwa fedha yake mwenyewe. Barabara nayo ilisaidia uharibifu: kutoka Taveta kwenda Mwatate ilikuwa ya vumbi miaka mingi, na mtetemo wake ulilegeza vibano, vumbi likaingia, mvua ikafuata, na shaba ikaota kutu ya kijani mahali pasipoonekana.

Sasa njia ile ina lami, na tangu mwaka 2016 Holili na Taveta zina kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo aingiaye Kenya humaliza taratibu zake zote Taveta, na aingiaye Tanzania huzimaliza Holili. Rilei mpya hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana, na vijana wengi hubadilisha moja baada ya nyingine mpaka gari lipone au fedha ya mteja iishe. Nami sioni kwamba bei ndogo ya kipuri ni udhuru wa kuacha kupima. Pikapu za siku hizi zimeongezewa kompyuta, na watu husema kwamba ufundi wa zamani umekwisha kazi, lakini kompyuta hiyo, inapotaka pampu ya mafuta au feni igeuke, kwa kawaida hufanya jambo lilelile la Toyota ya mwaka 1984: huifungulia koili ya rilei njia ya kwenda katika hasi, na mdundo mdogo husikika chini ya kidole cha fundi.