Joto la Jokofu Huenda Wapi?

Nyakabuye, wilayani Rusizi, hujulikana kwa majimoto yatokayo ardhini. Jokofu nalo lina joto lake. Haliumbi baridi, hulitoa joto la chakula na kulimwaga chumbani. Mwaka 1834 Jacob Perkins alipata hataza ya mtambo wa namna hiyo. Mwaka 1927 kampuni ya General Electric iliweka mabomba ya kutolea joto juu ya jokofu, hewa ilichukue. Sisi twalibana ukutani, likahema mchana kutwa, umeme ukaliwa bure. Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za majokofu zizidishazo joto la dunia. Basi, ndugu walimu, tuanzie nyumbani: tuliachie jokofu nafasi ya kupumua.