Kusomea altrasaundi: hakiki chuo kabla hujalipa ada

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, akina mama wanaokuja kliniki hapa Lushoto hunivuta pembeni. Swali huwa moja: "Nesi, binti yangu anataka kusomea ile mashine ya kuangalia mtoto tumboni. Nimpeleke wapi?" Wengine huja na karatasi ya tangazo mkononi, wengine na ujumbe wa simu: kozi ya miezi mitatu au minne, cheti, ajira ya haraka, nafasi zimebaki chache.

Jibu fupi ni hili. Kwa Tanzania, kijana aliyetoka sekondari hawi mtaalamu wa altrasaundi kwa kozi ya miezi michache. Njia ya kawaida ni stashahada ya radiografia ya uchunguzi, ambayo ni masomo ya miaka mitatu. Ndani yake anajifunza eksirei, altrasaundi na vipimo vingine vya picha. Chuo lazima kiwe kimesajiliwa na programu yenyewe iwe na kibali, na akihitimu lazima aandikishwe na baraza la taaluma yake. Mengine yote katika makala hii yanaeleza namna ya kuhakikisha hayo kabla pesa haijatoka mkononi.

Kwa nini miezi mitatu haitoshi

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Haitumii mionzi kama eksirei, ndiyo maana hutumika kwa wajawazito. Kwa kuwa haichomi wala haiumizi, watu hudhani kazi ni kupaka jeli tumboni na kusogeza kile kichwa cha mashine mpaka mtoto aonekane. Lakini mashine haisemi chochote yenyewe. Inaonyesha vivuli vyeupe na vyeusi, na anayevisoma ni mtu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza kila mjamzito apate altrasaundi angalau moja kabla ya wiki ya 24. Lengo ni kujua umri wa mimba, kuona kama kuna mapacha na kugundua kasoro mapema. Umri wa mimba hupatikana kwa kupima urefu wa mtoto mimba ikiwa changa, na baadaye kichwa, tumbo na mfupa wa paja. Mpimaji akiweka alama mahali pasipo sahihi, tarehe ya kujifungua inasogea. Mama anaweza kuanzishiwa uchungu mtoto akiwa bado mchanga, au akaachwa apitilize.

Kuna pia suala la kondo la nyuma. Likiwa limekaa chini na kuziba njia, mama anaweza kutokwa damu nyingi bila maumivu, na huyo anatakiwa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kwa mama wa Mtae au Mlalo jambo hili ni zito, maana safari ya kufika hospitali ni ndefu, na mvua ikinyesha barabara za huku milimani zinateleza au kuzibwa na maporomoko. Akiambiwa mapema, anaweza kuhamia kwa ndugu karibu na hospitali wiki za mwisho. Upande mwingine, kondo linaloonekana chini mimba ikiwa na wiki 20 mara nyingi hupanda lenyewe mfuko wa uzazi unapokua, na hurudiwa kupimwa karibu na wiki ya 32. Mpimaji asiyejua hilo humtisha mama bure. Asiyeliona kabisa humrudisha nyumbani na hatari.

Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi ni mfano mwingine. Huyo mama ana saa chache, hana miezi. Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu chuo sianzi na ada. Naanza na nani atakayewekwa mbele ya mashine hiyo.

Vyombo viwili, kazi mbili tofauti

Cha kwanza ni NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo wazazi wengi bado wanaliita kwa jina la zamani, NACTE. Hili husajili vyuo vya kati na kuidhinisha programu. Stashahada hupandwa kwa ngazi za NTA: ya 4 mwaka wa kwanza, ya 5 mwaka wa pili, ya 6 mwaka wa tatu. Kwa shahada, mwenye mamlaka ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU.

Cha pili ni Baraza la Wataalamu wa Radiolojia, linalofahamika kwa kifupi kama MRIPC, ambalo lipo kwa sheria ya mwaka 2007. Hili halisimamii majengo ya chuo bali watu. Ndilo linaloandikisha wahitimu na kuwapa leseni ya kufanya kazi. Ni kama sisi wauguzi tulivyo na baraza letu: cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kumgusa mgonjwa.

Wazazi wengi hukwama katikati ya hivi viwili. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kweli na NACTVET, lakini kwa famasia au uuguzi, huku radiografia ikiwa haijapata kibali. Mwenye chuo atakuonyesha hati ya usajili na hatakuwa amesema uongo. Kwa hiyo usiulize tu "mmesajiliwa?" Uliza, "programu hii ya radiografia imeidhinishwa, na wahitimu wake wanaandikishwa na MRIPC?"

Namna ya kuhakiki

Chukua jina kamili la chuo na namba yake ya usajili. Kwa vyuo vya afya namba hiyo huanza na herufi REG/HAS. Ingia tovuti ya NACTVET, au mwombe kijana mwenye simu janja akusaidie, utafute orodha ya vyuo na kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huo. Mwongozo huo huorodhesha chuo kwa chuo, programu, sifa za kujiunga, muda wa masomo, nafasi zilizopo na ada. Programu isiyokuwemo humo, iache. Usikubali mwongozo wa mwaka juzi, kwa sababu kibali huweza kusitishwa na nafasi hubadilika.

Baada ya hapo wasiliana na MRIPC. Uliza kama wahitimu wa chuo hicho wamekuwa wakiandikishwa. Ukiweza, piga simu mbele ya binti yako ili naye asikie, maana ndiye atakayesoma.

Njia ya tatu ni rahisi kuliko zote na watu huipuuza. Nenda hospitali, iwe ya wilaya hapa Lushoto, Bumbuli, au Bombo ukiwa Tanga mjini, uombe kuonana na mteknolojia wa radiolojia. Muulize alisoma wapi, na kama angekuwa anaanza leo angekwenda wapi. Hawa watu wanafahamiana, na wanajua ni chuo gani huleta wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaojua kushika mashine.

MUHAS iliyopo Dar es Salaam na CUHAS ya Bugando, Mwanza, zimekuwa zikifundisha fani hii kwa stashahada na shahada, nazo ni mahali pazuri pa kuanzia kulinganisha. Vipo vyuo vingine, vya serikali na binafsi, na orodha yao ipo kwenye mwongozo.

Mama mmoja wa juu ya Soni

Nimpe nafasi kidogo mama huyu, ingawa jina lake nitalihifadhi, na la chuo pia. Aliuza ng'ombe na mavuno ya kabichi ya misimu miwili. Binti alikwenda mjini, akasoma miezi minne katika chumba cha kupanga chenye mashine moja, wanafunzi wakipimana wao kwa wao. Hawakuwahi kumpima mjamzito hata mmoja chini ya usimamizi wa hospitali. Alirudi na cheti kizuri chenye muhuri wa rangi mbili. Nilipokishika nilitafuta namba ya usajili wa chuo na ngazi ya NTA, sikuona.

Alipoomba kazi aliambiwa alete namba ya usajili wa baraza. Hakuwa nayo na hakuwa na njia ya kuipata. Matokeo yake ya kidato cha nne yalikuwa mazuri vya kutosha kuingia stashahada tangu mwanzo, na hilo ndilo lililomliza mama yake pale kwenye benchi la kliniki. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa.

Sifa na gharama

Kwa kidato cha nne, masomo yanayotazamwa zaidi ni baiolojia, kemia na fizikia. Fizikia ndiyo huwaangusha wengi, na kwenye fani hii haikwepeki: sauti inavyorudi kutoka mwilini na mionzi inavyopita ni fizikia tupu. Masharti kamili ya mwaka husika yasome kwenye mwongozo, usiyachukue kwa mdomo wa wakala. Aliyekosa somo moja anaweza kurudia mtihani wa NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka mmoja wa kurudia fizikia ni nafuu kuliko miezi minne ya kozi isiyotambulika. Hili nawaambia pia mabinti waliokatiza shule kwa sababu ya ujauzito. Kuwa na mtoto hakuwafungii njia hii.

Katika ada, omba mchanganuo wote kwa maandishi: ada, mitihani, hosteli, sare, bima ya afya, na nauli na malazi wakati wa mafunzo ya hospitalini. Hiyo ya mwisho husahaulika, halafu mwaka wa pili mzazi anashtuka. Lipa kwa akaunti yenye jina la chuo, au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ikiwa ni chuo cha serikali. Usitume kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kama ofisa udahili. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imekuwa ikitoa mikopo pia kwa stashahada za fani za kipaumbele, zikiwemo za afya, hivyo soma mwongozo wa mikopo kabla hujauza shamba.

Ukitembelea chuo

Nenda siku ya masomo, usiende siku ya sherehe. Omba kuona chumba cha mashine. Uliza mashine za altrasaundi ziko ngapi na wanafunzi wangapi hugawana moja. Uliza wanafanyia mafunzo hospitali gani, kwa wiki ngapi, na nani anawasimamia. Walimu wa radiografia nao wawe wameandikishwa na MRIPC. Kwa kuwa binti atasomea eksirei pia, uliza kama wanafunzi huvaa beji ya kupima mionzi wanapoingia chumba hicho. Usimamizi wa mionzi nchini uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na chuo makini hakitashangaa kuulizwa. Mwanafunzi akipata ujauzito katikati ya masomo, aseme mapema ili apangiwe kazi mbali na mionzi.

Mwisho waombe wakukutanishe na wahitimu wawili wa miaka ya nyuma. Wakikosa hata mmoja, jibu umeshalipata.

Je, kozi fupi zote ni za uongo?

Hapana. Zipo kozi fupi za altrasaundi kwa watu ambao tayari wana taaluma na leseni: wakunga, matabibu, madaktari. Mkunga anaweza kufundishwa kuangalia kama mtoto yu hai, amekaaje na kondo liko wapi, ili ajue nani wa kupewa rufaa haraka. Huo ni ujuzi wa nyongeza juu ya taaluma aliyonayo, haumgeuzi kuwa mteknolojia wa radiolojia. Tatizo huanza tangazo la kozi ya aina hiyo linapopelekwa kwa kijana aliyetoka kidato cha nne jana.

Anayetaka kwenda nje, Uganda kuna taasisi ya ECUREI iliyopo hospitali ya Mengo, Kampala, inayojulikana kwa mafunzo ya altrasaundi, na Kenya kuna chuo cha KMTC. Kabla hajaondoka aulize NACTVET kwa stashahada, au TCU kwa shahada, kama tuzo hiyo itatambuliwa hapa, na MRIPC kama itamwandikisha akirudi.

Mhitimu wa stashahada mwenye wastani mzuri anaweza baadaye kuendelea na shahada. NACTVET humpa namba ya uhakiki wa tuzo yake, AVN, ambayo vyuo vikuu huidai wakati wa maombi. Chuo ambacho wahitimu wake hawapati namba hiyo hakimo kwenye mfumo.

Kama huna simu janja au mtandao unasumbua huko uliko, njoo na jina la chuo kliniki siku yoyote ya kazi, au mwone ofisa elimu kata. Kulitafuta kwenye orodha hakuchukui hata dakika kumi. Njoo kabla ya kulipa ile pesa ya kushikilia nafasi, kwa sababu mara nyingi hiyo hairudishwi.