Picha Tano za Vichimbakazi na Uongo Uliokaa Miaka 66

Nikisema "feri" hapa Kenya, mtu wa Mombasa anafikiria Likoni, foleni na jua la saa saba. Kwa hivyo leo nitatumia neno la kamusi: kichimbakazi. Ni kile kiumbe kidogo cha hadithi za Wazungu, chenye mabawa ya kipepeo na gauni jepesi, kinachoishi msituni kati ya maua na uyoga. Umekiona kwa katuni, umekiona kwa keki za bathdei, na siku hizi ukifungua simu tu utakutana na watu kibao wanaochora misitu yenye panya waliovaa makoti na vyura wanaokunywa chai. Mimi naipenda hiyo michoro na sioni haya kusema.

Sasa kuna hadithi moja ya hao vichimbakazi ambayo kila mtu anayeposti picha mtandaoni anafaa kuijua. Watu huisimulia kama kichekesho: wasichana wawili walimdanganya mwandishi wa Sherlock Holmes. Kweli inachekesha. Lakini nikiifikiria sana, naona wasichana ndio walioumia zaidi.

Twende Cottingley, kijiji kilicho karibu na mji wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Ni mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vinaendelea. Frances Griffiths, miaka 9, amefika na mama yake kutoka Afrika Kusini, na babake ni mwanajeshi. Wanakaa kwa kina Wright, ambako kuna binamu yake Elsie, miaka 16. Nyuma ya nyumba kuna kijito. Frances anapenda kucheza huko, na kila mara anarudi viatu vimelowa. Mama anagomba. Siku moja anaulizwa kwani huko mtoni anafuata nini, naye anajibu: naenda kuwaona vichimbakazi.

Wakubwa wakacheka, kama kawaida yao. Elsie akaona binamu yake anaonewa, akaamua kumtetea. Akamwomba babake, Arthur Wright, kamera. Wakatoka, na baada ya muda mfupi wakarudi wakiwa na furaha. Mzee alikuwa na chumba cha giza chake nyumbani cha kusafishia picha. Aliposafisha lile bamba la kioo, akaona Frances ameegemeza kidevu mkononi, na mbele yake vichimbakazi wanne wanacheza.

Mzee Wright hakuamini hata dakika moja. Alijua msichana wake anajua kuchora. Alitafuta vipande vya karatasi chumbani mwao na kando ya kijito, akakosa. Miezi miwili baadaye wakaleta picha ya pili, ya Elsie na kijizee kidogo chenye mabawa. Mzee akasema basi, kamera sitoi tena. Hapo ndipo ingeishia. Mzaha wa nyumbani, picha mbili kwa droo, mambo kwisha.

Kuna jambo dogo hapa ambalo mimi kama Mwafrika siwezi kuliruka. Novemba 1918, Frances alimwandikia rafiki yake aliyebaki Afrika Kusini, akamtumia na picha. Nyuma ya picha akaandika kwamba ni ajabu, alipokuwa Afrika hakuwahi kuwaona vichimbakazi, labda huko ni joto sana kwao. Shikilia hapo, tutarudi.

Mwaka 1919 mamake Elsie, Polly, alienda Bradford kwa mkutano wa Chama cha Theosofia, watu walioamini kwamba kuna viumbe wa kiroho ambao macho ya kawaida hayawaoni. Akataja zile picha. Kutoka hapo zikapita mkono hadi mkono mpaka zikamfikia Edward Gardner, kiongozi wa chama hicho kule London. Gardner akampa mtaalamu wa picha, Harold Snelling, azichunguze. Snelling akasema bamba halijachezewa. Na kusema ukweli, hakukosea! Hakuna aliyechezea bamba. Kilichopigwa picha ndicho kilikuwa karatasi.

Halafu habari zikamfikia Sir Arthur Conan Doyle, baba yake Sherlock Holmes, yule mpelelezi anayeweza kukuangalia viatu akajua umetoka wapi. Wakati huo jarida la The Strand lilikuwa limemwomba makala kuhusu vichimbakazi. Picha zikaja kama zimeitwa. Kampuni ya Kodak ikakataa kutoa cheti kwamba ni za kweli. Ilford ikasema kuna dalili za ujanja. Mwanasayansi Oliver Lodge, ambaye pia aliamini habari za mizimu, akaona ni feki. Doyle akaendelea tu.

Mwaka 1920 Gardner akawapelekea wasichana kamera mbili, pamoja na mabamba yaliyowekwa alama ya siri ili wasiyabadilishe. Wakasema vichimbakazi hawatokei watu wazima wakiwa hapo, kwa hivyo wakaachwa peke yao. Wakaleta picha tatu zaidi. Desemba 1920 The Strand ikachapisha zile mbili za kwanza, majina ya wasichana yakiwa yamefichwa. Haikuchukua muda waandishi wa habari wakawapata. Mwaka 1922 Doyle akatoa kitabu kizima, The Coming of the Fairies.

Sasa swali ambalo kila mtu anauliza: mtu mwerevu vile aliingizwa boksi vipi?

Jibu rahisi ni kwamba alikuwa mzee na amechanganyikiwa. Mimi sikubali. Kwanza, angalia familia yake. Baba yake mkubwa, Richard Doyle, alikuwa mchoraji maarufu, na kitabu chake cha picha, In Fairyland, chenye tarehe ya 1870, ni kati ya vitabu vya vichimbakazi vinavyosifiwa zaidi katika karne ile. Babake mzazi, Charles, pia alichora vichimbakazi, mpaka akiwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili kule Scotland. Huyu Arthur alikulia nyumba ambayo vichimbakazi vilikuwa kazi ya ukoo.

Pili, angalia nchi nzima. Vichimbakazi wa hadithi za kale za Uingereza hawakuwa warembo wenye mabawa. Walikuwa watu wa kuogopwa, wanaiba watoto, wanapoteza wasafiri usiku. Wachoraji ndio waliowapa mabawa ya kipepeo na kuwafanya wadogo na wapole. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitambo ikaweza kuchapisha rangi vizuri, na vitabu vya zawadi za Krismasi vikawa biashara kubwa. Mwaka 1906 Arthur Rackham alitoa michoro 50 ya rangi kwa kitabu cha Peter Pan in Kensington Gardens. Kwa hivyo picha ya Cottingley ilipotokea, Waingereza walikuwa washajua kichimbakazi anafanana vipi. Kamera iliwaonyesha kile vitabu vilikuwa vimewafundisha kutarajia.

Tatu, msiba. Kingsley, mtoto wa Doyle, alijeruhiwa vitani, halafu akafa kwa homa ya mapafu Oktoba 1918. Miezi michache baadaye, Februari 1919, akafa Innes, ndugu yake Doyle. Imani yake katika kuongea na wafu ilianza kabla ya vifo hivyo, tusimsingizie. Lakini hebu fikiria mzee aliyepoteza mtoto na ndugu, kisha anaonyeshwa picha inayosema kuna ulimwengu mwingine hapa karibu, ni macho tu hayaoni. Wewe ungeichunguza vizuri? Mimi sina uhakika na nafsi yangu.

Sababu ya nne ndiyo inanikasirisha. Doyle aliandika kwamba hawa ni watoto wa familia ya mafundi wa kawaida, na kwamba ujanja wa picha wa aina hiyo uko mbali na uwezo wao. Yaani uthibitisho wake mkubwa ulikuwa kwamba wasichana wa kijijini hawawezi. Na Elsie alikuwa amesoma chuo cha sanaa Bradford, na alikuwa amewahi kufanya kazi kwa mpiga picha! Habari ilikuwa wazi mezani. Wazee wa London hawakuona msanii mbele yao. Ilikuwa rahisi kwao kuamini vichimbakazi wapo kuliko kuamini binti wa miaka 16 ana kipaji.

Ukweli ulitoka 1983, wakiwa bibi vizee. Elsie alichora vichimbakazi akifuatisha picha za kitabu cha watoto cha 1914, Princess Mary's Gift Book, akaongezea mabawa, akavikata kwa mkasi, na wakavisimamisha kwa pini za kofia. Na ngoja nikuambie: ndani ya kitabu hicho hicho kuna hadithi ya Arthur Conan Doyle mwenyewe. Sherlock alikuwa na ushahidi kwa rafu yake.

Sasa turudi kwa wasichana. Walinyamaza karibu miaka 66. Frances alisema baadaye hakuelewa watu walidanganyika vipi, na akaona ni kama walitaka kudanganywa. Elsie alieleza kwamba baada ya mtu mkubwa kama Doyle kuamini, wangesema nini? Wangemuaibisha. Aibu ikawafunga mdomo. Wakaolewa, wakazaa, wakazeeka, na bado miaka ya 1960 na 1970 magazeti na televisheni zilikuwa zinawafuata kwa swali lile lile. Frances alikuja kuzichukia zile picha. Alifariki 1986, Elsie 1988. Mpaka mwisho Frances alishikilia kwamba picha ya tano ilikuwa ya kweli na kwamba vichimbakazi aliwaona. Binamu yake alisema zote tano ni feki.

Mzaha wa mchana mmoja, wa kumtetea mtoto aliyegombwa kwa sababu ya viatu, uligeuka mzigo wa maisha. Na aliyeukuza si mtoto. Ni watu wazima wenye majina, majarida na pesa, kila mmoja akiusukuma mbele kidogo kwa sababu zake.

Ndio maana nasema hii hadithi ni yetu. Leo mtoto wa kidato cha pili anaweza kutengeneza picha kwa akili bandia akicheka na marafiki, na kufikia jioni iko kwa kila kikundi cha WhatsApp cha familia, shangazi ameisambaza na "Amina" tatu. Tunasema dawa ni programu ya kutambua feki. Lakini Snelling alikuwa na utaalamu wote na akapita pembeni. Swali la maana si "picha imechezewa?" peke yake. Jiulize pia: kwa nini nataka sana hii iwe kweli? Picha ikikupa kile hasa moyo wako ulikuwa unaomba, hapo ndipo upunguze mwendo. Na ukijua aliyeianzisha ni mtoto, mpe mlango wa kusema "nilikuwa nacheza tu" bila kumchoma mbele ya dunia. Elsie na Frances hawakupewa mlango huo.

Na ile barua ya joto? Frances, dada yangu, haikuwa joto. Mwaka ule ule wa 1870 ulio kwenye kitabu cha Richard Doyle, Edward Steere alichapisha London kitabu cha Swahili Tales, hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Mle kuna paa anayeongea na kumtafutia bwana wake maskini utajiri na mke wa kifalme. Viumbe tulikuwa navyo, vingi, vya pwani na vya bara. Sungura wetu ameshinda kesi nyingi kuliko mawakili wa Nairobi. Tofauti ni kwamba vyao vilichorwa, vikapakwa rangi, vikachapishwa na kuuzwa kila Krismasi mpaka mtoto akienda mtoni anaviona. Vyetu viliishi kwa sikio, usiku, kwa sauti ya bibi, na bibi akienda vinaenda naye.

Kwa hivyo ukiwa na kalamu, au tableti, au hata karatasi na mkasi kama Elsie, chora. Mchore huyo paa. Mchore fisi akiwa ametegwa na tamaa yake. Andika jina lako chini, na useme wazi kwamba umechora wewe. Hilo tu ndilo Elsie alikosa: kusimama mbele ya picha nzuri na kusema, hii ni kazi ya mikono yangu.