Tarehe 11 Septemba: Siku ya Salamu, ya Kiapo na ya Msiba

Kila hekalu letu linapoadhimisha siku ya kusimikwa kwa sanamu takatifu, baadhi ya majirani hutuuliza kwa nini tarehe ya sherehe haikai mahali pamoja. Jibu ni kwamba sisi huihesabu siku hiyo kwa tithi, yaani siku ya mwezi mwandamo, kama ilivyoandikwa katika panchang. Mwaka wa miezi mwandamo kumi na miwili una siku zipatazo 354, na wahenga wetu waliongeza mwezi mmoja karibu kila mwaka wa tatu ili sikukuu zisiyaache majira yake. Ndiyo sababu Diwali haitoki katika miezi ya Oktoba na Novemba. Majirani zetu Waislamu nao huhesabu mwezi bila ya nyongeza hiyo, na kwa hivyo Ramadhani huzunguka mwaka mzima, ikipita masika na kiangazi. Ndugu zetu wa Makunduchi, Unguja, wana Mwaka Kogwa unaofuata hesabu ya jua. Pamoja na tofauti hizo, sote tukiwa ofisini, shuleni au sokoni, hutumia kalenda moja ya miladi, na kumbukumbu za ulimwengu huandikwa humo.

Katika toleo hili la kumbukumbu tumechagua kuitazama tarehe moja ya kalenda hiyo ya wote, nayo ni 11 Septemba. Tumeichagua kwa sababu matukio mawili makubwa ya historia ya Wahindi yaliangukia siku hiyo, na kwa sababu watu wengi leo wakiitaja hukumbuka jambo la tatu, lililo zito na la kuhuzunisha. Tunaamini kuwa matukio hayo matatu yanapaswa kusomwa pamoja.

Tuanze na mwaka 1893, bandarini Bombay. Mnamo mwezi wa Aprili kijana wakili wa miaka 23, Mohandas Karamchand Gandhi, alipanda meli kuelekea Afrika Kusini. Wiki chache baadaye, tarehe 31 Mei, mtawa wa miaka 30, Swami Vivekananda, aliondoka katika bandari hiyo hiyo kuelekea mashariki. Mmoja alikuwa anafuata kesi ya mfanyabiashara. Mwingine alikuwa anafuata mkutano wa dini ambao hata mwaliko wake hakuwa nao.

Safari ya Gandhi ilipitia pwani yetu. Meli ilitia nanga Lamu kwa saa chache, naye akashuka kuutazama mji. Wakati wa kurudi, maji ya Lamu, ambayo mabaharia wetu wanayajua vyema, yalikuwa na nguvu, na mashua aliyoipanda ikashindwa kuifikia meli iliyokwisha kupiga honi ya kuondoka. Nahodha, ambaye alikuwa rafiki yake wa kucheza sataranji, aliamuru meli ingoje dakika tano, na Gandhi akavutwa juu kwa kamba. Baada ya hapo alipita Mombasa, akakaa Zanzibar kwa muda wa wiki moja na zaidi, kisha akabadili meli kuendelea kusini.

Vivekananda kwa upande wake alipitia Colombo, Singapore, Hong Kong na Japani, akavuka bahari hadi Vancouver, na kutoka huko akapanda treni hadi Chicago. Alipofika aliambiwa kwamba muda wa kujiandikisha umepita, na kwamba kila mjumbe alihitaji barua ya utambulisho. Fedha zikawa zinamwishia. Profesa John Henry Wright wa Chuo Kikuu cha Harvard ndiye aliyemwandikia barua ya kumtambulisha. Hata hivyo, aliporudi Chicago alipotea njia akalala katika eneo la reli, hadi mama mmoja wa mji huo alipomkaribisha nyumbani na kumfikisha kwa waandalizi.

Bunge la Dini za Dunia lilifunguliwa asubuhi ya tarehe 11 Septemba 1893. Kengele iligongwa mara kumi, kwa heshima ya dini kumi kubwa. Jukwaani waliketi Wakristo, Wayahudi, Mabudha na wengineo. Wajaini waliwakilishwa na Virchand Gandhi wa Gujarat. Vivekananda hakusimama hadi alasiri. Alipofungua kinywa, aliwaita wasikilizaji wake dada na ndugu wa Amerika, na ukumbi mzima ukainuka kumshangilia kwa dakika kadhaa kabla hajaendelea.

Tumezoea kuisimulia salamu hiyo kwa fahari, na fahari hiyo ni halali. Lakini hotuba yenyewe, ambayo haifiki maneno 500, inastahili kuangaliwa zaidi ya salamu yake. Mtawa huyo alisema anajivunia kutoka katika nchi iliyowapokea Wayahudi waliokimbia mateso, na iliyowahifadhi wafuasi wa Zoroaster. Alifananisha njia za dini na mito inayotoka mahali mbalimbali na kumiminika katika bahari moja. Kisha akataja upofu wa imani na madhehebu, akaeleza jinsi ulivyojaza dunia damu na kubomoa staarabu nzima. Alitumaini kwamba kengele iliyogongwa asubuhi ile ilikuwa kengele ya mazishi ya upofu huo, na ya kila mateso yanayofanywa kwa upanga au kwa kalamu. Hakudai kwamba dini yake imeshinda nyingine. Aliwataka watu wa kila dini, wa kwake wakiwemo, waache kushindana.

Miaka 13 ikapita. Mwaka 1906 serikali ya Transvaal ilitangaza muswada wa sheria uliomtaka kila Mhindi, mwanamume, mwanamke na mtoto kuanzia miaka minane, ajiandikishe upya, atoe alama za vidole, na awe na cheti cha kuonyesha kila anapoulizwa na polisi. Asiyetimiza angeweza kutozwa faini, kufungwa au kufukuzwa nchini. Tarehe 11 Septemba 1906 Wahindi wapatao 3,000 walikusanyika katika ukumbi wa Empire Theatre mjini Johannesburg. Mwenyekiti alikuwa Abdul Gani. Wafanyabiashara, makarani na wachuuzi, Wahindu kwa Waislamu, waliujaza ukumbi hadi juu.

Gandhi alikuwa amesaidia kutayarisha maazimio ya mkutano, na azimio la nne lilisema kwamba Wahindi hawataitii sheria hiyo. Aliyeligeuza azimio hilo kuwa kiapo alikuwa Mwislamu, Sheth Haji Habib, mkazi mkongwe wa nchi ile. Alisema kwamba jambo zito kama hilo halitoshi kupitishwa kwa kura. Lazima wote waliapie mbele ya Mungu. Gandhi alishtuka, kwani alijua azimio laweza kusahauliwa lakini kiapo hakivunjwi. Akasimama, akawaeleza watu gharama yake: jela, njaa, viboko, kunadiwa mali na kufukuzwa. Akamwambia kila mmoja aiulize nafsi yake, asiape kwa sababu jirani yake ameapa. Hatimaye wote walisimama, wakainua mikono, wakaapa kwa Mungu.

Njia ile ya kupinga dhuluma bila kumpiga mtu haikuwa na jina bado. Baadaye gazeti la Indian Opinion lilishindanisha wasomaji kulitafuta. Maganlal Gandhi akapendekeza sadagraha, na Mohandas akalirekebisha kuwa satyagraha, yaani kushikamana na ukweli. Viapo vile vilijaribiwa kweli. Mamia walifungwa. Mwezi Agosti 1908 vyeti zaidi ya 2,000 vilichomwa moto katika uwanja wa Msikiti wa Hamidia, Johannesburg. Ilichukua hadi mwaka 1914 kupatikana mapatano yaliyoitambua ndoa ya Kihindu na ya Kiislamu, na kuiondoa kodi ya pauni tatu kwa waliomaliza mikataba ya kazi.

Hapa haki inatudai tuseme jambo moja. Waafrika wa Transvaal walikuwa wakibebeshwa pasi kabla ya muswada ule, na mkutano wa 1906 haukuwasemea. Wazee wetu waliokuwa Kenya waliona baadaye jinsi wanaume wa Kiafrika walivyolazimishwa kuvaa kipande shingoni, chenye alama za vidole vyao. Kiapo cha Johannesburg kilikuwa cha haki, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba. Haukupanuka mara moja. Mwaka 1952 ndipo chama cha ANC na Kongresi ya Wahindi wa Afrika Kusini walipoungana kuvunja sheria za kibaguzi bila silaha, na watu zaidi ya 8,000 wakakamatwa wakiwa pamoja.

Tarehe hiyo ina kumbukumbu nyingine pia. Tarehe 11 Septemba 1895 alizaliwa Vinoba Bhave, aliyekuja kutembea India kwa miguu akiwaomba wenye mashamba wawagawie wasio na ardhi. Tarehe 11 Septemba 1948 Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistani, alifariki Karachi, miezi saba na ushei baada ya kuuawa kwa Gandhi. Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi la Chile liliipindua serikali iliyochaguliwa na wananchi, na Rais Salvador Allende akafa ikuluni.

Tunafika mwaka 2001. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba watu 19 waliteka ndege nne za abiria nchini Marekani. Mbili zilivurumishwa kwenye majengo pacha ya New York, moja kwenye makao makuu ya jeshi, Pentagon, na ya nne ilianguka Pennsylvania baada ya abiria kupambana na watekaji. Waliouawa walikaribia 3,000, idadi iliyo karibu na ile ya watu walioinua mikono Johannesburg. Sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji kuelezwa maana ya msiba ule. Kundi lile lile la al-Qaeda lilikuwa limelipua mabomu Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, na kuua watu zaidi ya 200, wengi wao Wakenya na Watanzania.

Kisha zikaja siku za kutafuta wa kulaumiwa. Mnamo 15 Septemba 2001, huko Arizona, muumini wa dini ya Sikh aliuawa nje ya duka lake kwa sababu ya kilemba na ndevu zake. Muuaji alimdhania kuwa Mwislamu. Kosa halikuwa kwamba alimkosea Mwislamu akampata Sikh. Hata angekuwa Mwislamu, hakuwa na hatia yoyote.

Wapo wanaoona katika sadfa hizi alama ya majaaliwa, na wapo wanaosema tarehe hiyo ina nuksi. Gandhi mwenyewe alituachia jibu. Siku ya pili baada ya kiapo, ukumbi wa Empire Theatre uliungua kwa ajali. Marafiki zake wakampongeza, wakisema ni dalili njema kwamba sheria ile nayo itateketea. Yeye hakuipa dalili hiyo uzito wowote. Alijua kuwa sheria haitaondolewa na moto wa bahati, bali na watu watakaokitimiza walichokiapia. Na kweli, sheria ile ilipitishwa tena mwaka 1907, miezi michache tu baada ya ukumbi kuwa majivu.

Sisi tunaotazama panchang kabla ya arusi na kabla ya kuhamia nyumba mpya hatuyasemi haya kwa kudharau siku njema. Wazee walitufundisha kuchagua saa njema ili tuingie katika jambo kwa moyo uliotulia. Hawakutufundisha kwamba saa itatutendea kazi yetu. Tarehe ile ile imebeba salamu ya udugu, kiapo cha kutoitii sheria ya dhuluma, na mauaji ya watu wasio na hatia. Waliotofautisha siku hizo ni wanadamu.

Tungependa basi watoto wetu, wanapofundishwa kuhusu 11 Septemba, wasiifahamu kama siku ya Waislamu kuwadhuru wengine, wala kama siku ya Wahindu kujitukuza. Wajue kwamba onyo dhidi ya upofu wa imani lilitolewa siku hiyo hiyo na mtawa wetu, miaka 108 kabla ya majengo kuanguka. Wajue pia kwamba kiapo tunachokiita cha Gandhi kiliombwa kwanza na Haji. Majirani wanaosikia kengele ya hekalu letu jioni, nasi tunaosikia adhana yao alfajiri, tunairithi kumbukumbu hiyo kwa pamoja.

Kwa wote waliotangulia siku hiyo, wa kila dini, tunaomba amani.

Om Shanti, Shanti, Shanti.