Kapteni John Komba: Mwalimu, Ofisa wa Jeshi na Sauti ya Mwambao wa Nyasa

Kapteni John Damiano Komba (1954–2015) alikuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), msanii na mbunge, mzaliwa wa Lituhi, mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma.

Alikuwa mwalimu kabla ya kujiunga na jeshi. Baadaye aliongoza kikundi cha Tanzania One Theatre (TOT) cha Chama Cha Mapinduzi. Sauti hiyo iliyozoeleka kwenye kampeni ndiyo iliyobeba majonzi ya Taifa Mwalimu Julius Nyerere alipofariki dunia Oktoba 14, 1999.

Aliwakilisha Jimbo la Mbinga Magharibi tangu mwaka 2005 hadi alipofariki dunia jijini Dar es Salaam, Februari 28, 2015. Alizikwa Lituhi. Mwaka huohuo, wananchi wa mwambao walimchagua mrithi wake chini ya jina jipya: Jimbo la Nyasa.