Kutoka Trekta la Ferguson hadi Land Rover ya Ngara: Historia ya Modeli za Kuunganisha

Modeli ya kuunganisha ni mfano mdogo wa gari, ndege, meli au mtambo, unaouzwa ukiwa bado vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu, ili mnunuzi avikate, avisugue kwa msasa, avigandishe na kuvipaka rangi mwenyewe. Historia yake inafaa kujulikana na mtu wa Ngara au Biharamulo anayetaka kumpa mzazi wake zawadi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, kwa kuwa wanunuzi wengi hudhani kwamba modeli ni ndege za kivita na vifaru tu, ilhali moja ya modeli zilizoipa biashara hii nguvu ilikuwa trekta la shambani.

Mwaka 1932, nchini Uingereza, chapa ya Skybirds ilianza kuuza ndege ndogo za mbao na chuma zilizobuniwa na James Hay Stevens kwa uwiano wa 1:72, maana yake inchi 1 ya modeli huwakilisha inchi 72, yaani futi 6, za kitu halisi, hivyo mtu mzima huwa na kimo cha takriban inchi moja. Mwaka 1936 chapa ya Frog ilitoa ndege za plastiki kwa uwiano huohuo, ikaziita Penguin, jina la ndege asiyeruka, kwa sababu hazikuundwa zirushwe angani kama zile ilizokuwa ikiuza awali. Plastiki ya wakati huo, selulosi asetati, ilikuwa na kasoro kubwa, kwani ilipindapinda kadiri miaka ilivyopita.

Mageuzi yaliletwa na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria aliyeanzisha kampuni ya Airfix mwaka 1939 ili kutengeneza vitu vya kuchezea vya mpira vilivyojazwa hewa, na ambaye baadaye aligeukia vitana vilivyotengenezwa kwa mashine inayosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Harry Ferguson aliagiza kwake modeli ya trekta lake jipya aina ya TE20, ili mawakala wa mauzo wawe na kitu cha kumwonyesha mkulima. Kwa kuwa kuunganisha vipande kiwandani kulikula muda na mishahara, baadaye trekta hilo liliuzwa likiwa vipande, na kazi ya kuliunda, iliyokuwa mzigo kwa kiwanda, ikageuka kuwa starehe ambayo mnunuzi yuko tayari kuilipia. Mwaka 1952 ilifuata modeli ya meli ya baharia Mwingereza Francis Drake, Golden Hind, iliyouzwa katika mfuko wa plastiki kwenye maduka ya Woolworths kwa shilingi 2 za Kiingereza, bei ambayo mtoto wa mfanyakazi aliimudu.

Miaka hiyohiyo Tanganyika nayo ilikuwa na kiu ya matrekta. Mpango wa Karanga, mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa mashine ulioanza Kongwa mwaka 1947, ulikosa mashine mpya za kutosha, hata kampuni ya Vickers ikaunda matrekta ya minyororo yaliyoitwa Shervick kwa kutumia sehemu za vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951, lakini kifaru cha Sherman kingali kinauzwa duniani kote kama modeli, na inasikitisha kwamba historia yake ya kilimo katika ardhi ya Tanzania haikumbukwi sana na wanaokiunda.

Kwa upande wa Japani, kampuni ya Tamiya, iliyoanza na biashara ya mbao mwaka 1946, ilitoa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kifaru chenye uwiano wa 1:35, uliotokana na nafasi iliyohitajika ili betri na mota vienee ndani yake.

Mzazi wa Mbuba, wilayani Ngara, naye ana historia yake ya mashine, na humo ndimo zawadi inapaswa kutafutwa. Barabara inayotoka Isaka kupitia Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo imepitisha malori kwa miongo mingi, yakiwemo yale yaliyobeba chakula cha wakimbizi baada ya watu wapatao 250,000 kuvuka kutoka Rwanda kwa takriban siku moja, mwishoni mwa Aprili 1994. Kwa dereva mstaafu wa njia hiyo, Scania 143M ya kampuni ya Italeri, yenye uwiano wa 1:24, ni zawadi yenye uzito. Hata hivyo injini na chasi yake vina vipande vingi, hivyo inafaa zaidi kuwa modeli ya pili.

Ya kwanza iwe Land Rover, gari lililozinduliwa Amsterdam mwaka 1948 na kutumikia serikali, hospitali na misheni kote Tanzania. Toleo la tatu, lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, linapatikana kama modeli ya 1:24 kutoka Italeri na Revell, na urefu wake ni kama sentimita 18, ambapo kwa 1:72 lingekuwa na sentimita 6 tu. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu wa miaka 60 ambaye macho yake hayaoni tena vizuri vitu vya karibu. Wala asidhaniwe kuwa mgeni kabisa wa kazi hii, kwa maana wengi wa rika lake waliwahi kuunda magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili, na kuyatengenezea usukani mrefu wa kuendeshea wakitembea.

Kabla ya kuagiza, mnunuzi athibitishe kwamba seti ina usukani wa kulia, kwani nyingine hutolewa kwa nchi zinazoendesha upande wa pili, na aandae karatasi nyembamba ya kuandikia namba zinazoanza na ST, alama ya magari ya Serikali. Gundi yenye kiyeyushi na rangi za kupuliza hushika moto upesi na hazikubaliwi katika vifurushi vya kawaida vya ndege. Kwa hiyo anayeagiza kutoka nje achague rangi za maji, na gundi aitafute nchini.